Sumaku Kubwa ya Nyani

Kiboko alimeza nyasi zenye msumari ndani yake, nao msumari ukamkwama kooni. Hakuweza kula wala kuwaita watoto wake. Nyani, aliyejivunia sumaku kubwa kuliko kichwa chake, akaja kumsaidia. Lakini alipoyaona meno ya Kiboko alibaki juu ya jiwe, mbali, akaielekeza sumaku.

"Achama tu, dada. Hii huvuta hata jembe."

Msumari haukutikisika.

"Sogea kidogo," Kiboko akamsihi kwa sauti ya kukwaruza.

"Sumaku yenye nguvu haina haja ya kusogea," Nyani akajibu.

Chura alikuwa na kipande cha sumaku, kidogo kama punje ya hindi. Naye aliyaogopa meno yale, ila aliwahurumia watoto.

"Mama, tafadhali usifunge mdomo," akasema, akaingia mpaka kooni. Kipande kilipoukaribia msumari, ukachomoka ukanata juu yake. Chura akatoka nao.

Kiboko akanywa maji, machozi yakimtoka.

"Ahsante kwa kuja, kaka," akamwambia Nyani. "Sumaku yako ni kubwa, lakini iliyoniponya ni ile iliyonifikia."

Kisha akamwinamia Chura, akashindwa kusema, watoto wake wakamshukuru kwa niaba yake.