Neno la Mama Mkwe

Mwalimu wa darasa la watu wazima alipomtaka kila mwanafunzi aeleze tabia ya aliyeketi jirani naye kwa neno moja la Kiingereza, mshonaji alitamani dawati limmeze. Jirani yake alikuwa mama mkwe wake, na tangu aolewe hakuwahi kusikia sifa ikitoka kinywani mwake.

Mama mkwe alisimama taratibu. Macho yake yalipita ubaoni, palipoorodheshwa sifa upande mmoja na kasoro upande wa pili, yakayaacha maneno ya upole, ukarimu na uaminifu, yakatua upande wa kasoro.

"Stubborn," alisema.

Darasa zima likaangua kicheko. Mshonaji akainamia kidole gumba chake, akawa anakwaruza sugu iliyoachwa na sindano.

"Maana yake?" mwalimu aliuliza.

"Kichwa kigumu," alijibu mama mkwe. "Mwanangu alipougua, hospitalini tuliambiwa tumrudishe nyumbani, hana lake tena. Mimi niliyemzaa nikafunga mizigo. Huyu akaketi mlangoni kwa daktari, akasema haondoki mpaka mumewe apimwe upya. Walimfokea, akakaa. Walimbembeleza, akakaa. Wakampima, wakauona ugonjwa wenyewe. Sasa hivi mwanangu yuko hapo nje anatusubiri, anatafuna karanga."

Kicheko kilikatika. Mwalimu alilifuta lile neno kwa kiganja, akaliandika upya upande wa sifa.

"Haya, zamu yako," akamwambia mshonaji.

Mshonaji aliinuka, machozi yakimlengalenga. Kabla hajafungua kinywa, mama mkwe alimvuta upindo wa gauni.

"Na mimi unitafutie zuri," alimnong'oneza. "Usinibanie."