Kigingi Kibichi

Prusia ilipoishinda Denmark mwaka 1864, mpaka mpya ulipangwa kukatiza kijiji chetu. Mpimaji alipigilia vigingi viwili, akavipaka chokaa, akaenda kunywa kahawa.

Nami, kwa taadhima niliyofunzwa bwenini, nikakihamisha kimoja ili nyumba ya mpiga fidla iangukie Prusia, mbali na Wiebke, jirani yetu niliyempenda.

Mpimaji akarudi, akavuta kamba. Ikaiacha nyumba ya mpiga fidla upande wa Prusia, na ya Wiebke pia. Yetu ikabaki Denmark.

“Tumepewa nchi moja!” Wiebke akamshika mpiga fidla mkono. “Pole, jirani. Harusini uje na pasi ya kuvukia mpaka!”

“Nani kagusa kigingi changu?” mpimaji akafoka. “Atafungwa!”

Niliitazama ile mikono iliyoshikana.

Nikaitoa yangu mfukoni, myeupe kwa chokaa.