Jua Linalocheka

"Nimesema ziache! Hizo stika ni urembo wa gari."

"Urembo gani? Zimechakaa kama tambara la jikoni." Mama Pacha aliendelea kuipuliza stika ya jua linalocheka mlangoni kwa mashine ya kukaushia nywele, hadi gundi ikalainika. Akaingiza ukucha pembeni.

Mumewe akaiziba kwa kiganja. "Rangi itabanduka, mke wangu."

"Toa mkono, Baba Pacha, nisije nikaukausha."

Akautoa. Jua linalocheka likabanduka taratibu, na chini yake ukatokea mkwaruzo mrefu wa kijani. Kijani kilekile cha geti lao.

Miaka yote Mama Pacha alinyimwa ufunguo kwa sababu, eti, angelikwaruza gari. Leseni yake ilikuwa imelala kabatini.

Akabandua samaki: mkwaruzo. Akabandua ua: bonde la kutosha kupandia mchicha.

"Kumbe kila ukiligonga gari, unalibandika plasta?"

"Lile geti nalo limekaa vibaya…"

Mama Pacha akamkabidhi mashine, akachomoa ufunguo kwenye mfuko wa shati la mumewe, akaingia garini. Akarudi kinyumenyume, akapita katikati ya geti bila kuligusa, akashika barabara.

Mumewe alibaki amesimama, mashine ikimpuliza kidevu.