Aliyesimama Mlangoni

Asubuhi ile mjini Cobán, Eulalia alimpelekea baba yake uji wa mahindi, akamkuta akidonoadonoa shuka kana kwamba anaokota sisimizi, macho yameganda mlangoni. Alielewa mara moja. Muuguzi alikuwa amemwambia kwamba wanaokaribia kufa huweza kuchanganyikiwa hivyo. Alimshauri amshike mkono, amwambie kwa upole kuwa yuko nyumbani, yuko salama.

"Mama yako amekuja," mzee alisema. "Kashika mkanda wangu. Mwambie arudi kaburini, mwanangu."

Eulalia alipapasa kovu alilochorwa na baba kwa mkanda huo shingoni. Kisha akauendea mlango, akaufungua wote.

"Karibu ndani, mama," alisema. "Yuko macho."