Kifuniko cha Nyuma

Nyegere, fundi mwenye majivuno, alitengeneza mzinga akamkabidhi Kima, ambaye hazidishi wala hapunguzi anachoambiwa. Nyuki walipoujaza asali, akamwelekeza, "Fukiza moshi mlangoni, kisha kata asali." Kima akafukiza, na nyuki wote wakafia ndani.

Nyegere alimtukana mbele ya wanyama. "Maelekezo yangu hayana kasoro. Nitazame, mjinga wewe."

Akashika kienge cha moto, akausogelea mzinga mwingine. Kabla hajafukiza, mkono wake ulikwenda wenyewe nyuma ya mzinga, kama ulivyozoea, ukafungua kifuniko ili nyuki wapate pa kutokea.

"Hilo hukuniambia, mzee," Kima alisema taratibu.

Nyegere akabaki na kifuniko mkononi. Wanyama walimtazama, wala hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.