Nyumba Iliyojua Kuitika

Sheria ni kwamba mtoto hahami kwao mpaka nyumba ijue kazi zake zote. Basi mimi, Mwanaidi, niliifundisha nyumba yetu ya Tanga kwa hasira. Nilikuna nazi mbele ya jicho lake la ukutani, nikaosha masufuria, nikadeki, na mikono yake ya chuma ikaiga kila kitu, hata tabia yangu ya kuacha vumbi chini ya kabati.

Leo alasiri ikatangaza kwamba imeshajua yote, na mlango wa mbele ukanifungukia. Begi langu lilikuwa tayari. Nikaenda uani kumuaga mama.

Alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele, amenipa mgongo. Kabla sijasema neno, akaita kama kawaida yake, "Mwanaidi! Hebu niletee ungo mwingine."

"Abee, mama," nyumba ikaitika kwa sauti yangu.

Hilo sikuifundisha mimi.

Mkono wa chuma ukanipita, ukampelekea ungo. Mama akaupokea bila kugeuka.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Leo umeitika vizuri."