Mwanga Bado Hautoshi

"Bado hafifu," Mama alisema.

Kitinda alikuwa juu ya stuli, balbu ya tano kwapani, waya umemzunguka shingo kama mbuzi aliyekata kamba. Kutwa nzima alikuwa ameinamia cherehani akishona sare za shule. Mgongo ulimwaka moto. Na sasa, badala ya kujilaza, alikuwa akizifungia pilipili taa.

"Mama, nikiongeza moja tu, ndege zitaanza kutua humu."

"Zitue. Sogeza karibu na majani."

Akasogeza. Zilikuwa balbu za LED za kawaida, zile za sebuleni na jikoni, za bei ya chini kabisa dukani. Alizifunga kwenye mpini wa ufagio, mpini akaulaza juu ya migongo ya viti viwili, na chini yake yakapangwa makopo ya rangi yaliyopandwa pilipili. Chumba kilikuwa na dirisha, ndiyo, ila dirisha lenyewe lilitazamana pua kwa pua na ukuta wa jirani. Habari za jua kilizipata kwa kusimuliwa.

Mama hakuwa mgeni wa miche. Maisha yake yote aliiotesha na kuiuza, mpaka siku alipoanguka kwenye ngazi za nyumba yake akavunjika mguu. Akaletwa kwa Kitinda, mwanawe wa mwisho, akapewa kitanda. Kitinda akahamia kochi, na kochi lilikuwa fupi kuliko yeye. Mguu ulipopona, Mama akabaki na tabia ya kutembea ameshika ukuta, na wimbo mmoja tu mdomoni: nataka kwangu.

Kaka mkubwa akatoa sharti kwa simu, maana Kaka masharti yake yote huyatoa kwa simu. "Apande pilipili mwenyewe, azitunze mwenyewe. Zikizaa, nitajua anajiweza, anarudi kwake. Zikifa, anabaki kwako."

"Kwangu," Kitinda alirudia, akilitazama kochi.

Basi hapakuwa na viumbe wawili duniani waliozitakia pilipili zile mema kuliko mama na mwana.

Kikwazo kilikuwa mwanga. Mama hakuridhika. Balbu za njano alizikataa, Kitinda akaleta nyeupe. Nyeupe akasema zimefifia, Kitinda akaleta zenye wati nyingi zaidi. Mwenye duka la vifaa vya umeme ilibidi aulize.

"Dada, unatotoa vifaranga humo ndani?"

"Natotoa mama," Kitinda akajibu, akabeba mfuko wake akaenda zake.

"Na taa gani hizi," Mama alinung'unika siku nyingine, kiganja amekiweka juu ya balbu, "hazina hata joto? Zile za zamani ukigusa tu unajua inawaka."

"Ndio uzuri wake. Za zamani zingekukaangia majani."

Jambo moja tu lilimtatiza Kitinda. Miche ilikuwa imenona. Mashina mafupi, manene, majani ya kijani kilichokolea. Jioni moja uvumilivu ukamwishia.

"Mama, si wewe uliyenifundisha? Mche ukikosa mwanga hurefusha shingo kama jirani mmbeya dirishani. Hii imetulia tuli. Mwanga unatosha."

Vidole vya Mama vilikuwa vinapita kwenye majani, jani baada ya jani, polepole.

"Leo yai linamfundisha kuku?" akasema hatimaye. "Lete nyingine."

Kitinda akaleta nyingine. Mtu aliyechoka hanunui ugomvi, hununua balbu.

Pilipili zikachanua. Na Mama alizitunza, hilo hakuna wa kumnyang'anya: udongo aliupima kwa kidole, maua aliyatikisa kwa ncha ya kucha ili yashike, na pilipili ya kwanza kuiva aliichuma baada ya kuibonyeza na kuinusa kama mama anayemkagua mtoto mchanga. Kitinda akampigia Kaka kwa furaha ya mtu anayekiona kitanda chake kikirudi.

"Zimezaa mpaka matawi yameinama. Mama yako bado fundi."

"Na zile ngazi?" Kaka akauliza.

"Kaka, aliyeweza kulea hizi atashindwa na ngazi?"

Kaka akafikiri kidogo. "Haya. Nakuja kumchukua."

Asubuhi ya safari, umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Kitinda alivaa kwa kupapasa, akapanga mizigo karibu na mlango wa nje, ambako angalau kulikuwa na mwanga wa asubuhi kutoka ngazini. Kaka alishafika chini na alishaanza kupiga honi. Kitinda akaenda kumwita Mama.

Chumba cha ndani kilikuwa cheusi kama ndani ya chungu kilichofunikwa. Alisimama mlangoni akisubiri macho yazoee, hayakuzoea. Hakuona kitanda, hakuona makopo. Alisikia tu majani yakiguswa.

"Ni wewe, Kitinda?"

"Ni mimi. Kaka amefika."

"Nakuja, nakuja." Sauti ya Mama ilikuwa laini, sauti ya mtu aliyeshinda. "Nilikuwa naziaga. Umeziona zilivyopendeza leo? Hizi balbu zako za mwisho, mwanangu, hizi sasa ndizo taa. Sina tena la kulalamika."

Akacheka kidogo, akapapasa ukuta.

"Haya, zizime twende. Zisije zikawaka bure."